Filimu Waliyokatazwa Wadogo

Siku tulipomzika Mama Verediana kule Karuba, mvua ilinyesha tangu asubuhi, tukarudi kutoka makaburini na matope hadi magotini, tukajibana ndani ya nyumba yake tukikausha nguo kwa joto la miili yetu. Furaha ndiye aliyekuwa akigawa maziwa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza. Sasa ana wajukuu, na bado anatembea kwa haraka ileile ya mtu aliyetumwa. Kwa kila mgeni alimimina, akaonja yeye mwenyewe funda moja mbele ya macho ya mgeni, ndipo akampa kopo kwa mikono miwili. Ndiyo desturi ya milima yetu. Anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ili moyo wako utulie. Nilikuwa nangoja zamu yangu pale mwanamume mmoja mwenye mvi aliponiinamia sikioni akasema: "Mademoiselle, mupaka leo sijakusamehe. Ile sinema!" Nilimgeukia kwa hasira, kwa kuwa msibani hapana mzaha, kisha nikayaona yale masikio yake yaliyosimama. Alikuwa Bonifasi wa safu ya mbele. Nikacheka, nikaziba mdomo kwa kitenge, na watu wakadhani nalia. Labda nilikuwa nalia pia.

Ule mwaka ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kusoma kwa masista, na nilipewa darasa la wadogo kwenye shule ya misioni huko Masisi. Kwetu tulikuwa watu wa mashamba, na hilo latosha. Nyumba za walimu zilikuwa za wanaume wenye familia, kwa hiyo Padri mkuu akanitafutia chumba kwa Mama Verediana, mjane wa watu wa ng'ombe aliyehama Karuba akajenga karibu na misioni ili auze maziwa. Ng'ombe wake walibaki mlimani kwa kaka yake, Papa Gaspari. Chumba changu kilitenganishwa na cha kwake kwa ukuta wa matete yaliyokandikwa udongo upande mmoja tu, upande wake. Upande wangu niliona matete matupu, na kupitia humo nilisikia kila kikohozi. Kulinuka moshi na siagi. Vyombo vyake vya mti vya kukamulia vilipangwa kwenye ubao, midomo chini, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, hata mimi mwenye cheti. "Cheti yako ni ya chaki," aliniambia. "Hii inaomba mukono ingine."

Jioni tulikula maharagi na viazi, na baada ya hapo kila mmoja alipata kopo la maziwa ya kuganda, ambayo sisi huita mashanza. Alionja langu, akanipa. Kila jioni, bila kukosa, alionja, akanipa. Sikuliwazia, kwa kuwa ndivyo watu wanavyofanya. Kisha jioni moja, kabla ya Pasaka, alinisukumia kopo bila kuligusa kwa midomo. Nilidhani amesahau. Nilikaa nikilitazama, nisijue la kufanya, kwa maana kukataa ni matusi na kunywa ni kuvunja desturi. Mama Verediana akaendelea kula viazi vyake, kisha akaniona.

"Unangoja nini?"

"Mama, haujaonja."

"Mutu wa mu nyumba hatumuonjeaka," akasema. "Ao uko mugeni?"

Nilikunywa haraka mpaka nikapaliwa. Nimepewa zawadi nyingi maishani, nyingine zimefungwa kwa karatasi za rangi, lakini sikumbuki iliyonifurahisha kuliko ile ya kutoonjewa. Usiku ule niliwaza kwamba nina mama wawili, mmoja wa mashamba na mmoja wa ng'ombe, na nikalala vizuri.

Kila asubuhi, wakati wa mapumziko, Mama Verediana alikuja shuleni na bido lake, debe la maziwa, kichwani. Darasa langu lilikuwa la kwanza kupewa. Watoto walipanga makopo yao ya bati kwenye madawati, naye alimimina kidogo ndani ya kifuniko cha bido, akakiinua ili hata wa nyuma waone, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja. Hapo darasa zima liliitikia kwa sauti moja, "Aksanti, Mama!" ndipo akagawa. Wengi wao walikuwa watoto wa mashamba, ambao kwao maziwa ni kitu cha wagonjwa na wageni. Baba zao na watu wa ng'ombe waligombana mara kwa mara kwa ajili ya mahindi yaliyokanyagwa, lakini ndani ya darasa langu hakuna aliyeuliza maziwa ni ya nani. Nilikuwa najivunia jambo hilo kama kwamba nimelitengeneza mimi.

Sinema ilikuja na Filemoni. Alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mwenye kofia ya ngozi, aliyezunguka na lori lenye mashini ya kuonyesha picha. Mwezi huu yuko Walikale kwenye makambi ya wachimba madini, mwezi ujao yuko kwetu. Alionyesha picha za Yesu, za kunawa mikono, za mjinga mmoja anayeanguka kwenye baiskeli, na watoto walizipenda zote sawasawa. Picha zilisema Kifaransa, naye Filemoni alisimama kando ya kitambaa cheupe na kutafsiri kwa sauti yake, akiongeza chumvi pale alipoona inafaa. Lakini mara hii alileta filimu ya aina nyingine. Alitutangazia uwanjani, akiwa juu ya lori: "Hii iko ya kuua na kukamata! Mutashika roho zenu na mikono!" Kutoka siku hiyo watoto wangu hawakujifunza hata herufi moja. Walishika roho zao kwa mikono na kukimbizana uwanjani.

Padri mkuu alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda kulaumiwa. Filimu iliyotangulia ilikuwa na busu, na ingawa alikuwa ameziba kioo cha mashini kwa kofia yake, alichelewa kidogo, na wazazi wakanung'unika kwa wiki nzima. Kwa hiyo safari hii akaunda baraza. Watu wanne wataitazama filimu mchana, kabla ya wote, kisha waseme kama inawafaa watoto. Alijiweka yeye. Akamweka Direkta wa shule, Papa Yosefu, mtu mrefu wa tai aliyevaa miwani hata akila. Akaniweka mimi kwa ajili ya wadogo. Na kwa ajili ya akina mama akamweka Mama Verediana, kwa sababu, alisema, huyu kila mtoto anamjua. Penye wengi hapaharibiki neno, akamalizia Padri.

Tuliitazama siku ya Alhamisi, madirisha ya ukumbi wa misioni yamezibwa kwa mablanketi, na joto la watu wanne na mashini likatutoa jasho. Hadithi yenyewe niliifuata vizuri. Kulikuwa na mzee tajiri, mgonjwa, katika nyumba kubwa yenye ngazi nyingi. Kulikuwa na mpwa wake aliyetaka mali. Na kulikuwa na muuguzi aliyevaa nguo nyeupe, mwanamke mzuri wa uso, ambaye kila jioni alimletea mzee maziwa kwenye sinia. Mzee alikuwa na wasiwasi, haamini mtu. Basi muuguzi aliinua gilasi, akanywa funda moja mbele yake, akatabasamu, akampa. Mzee akanywa. Kisha mashini ikatuonyesha mlango, ukumbi, na yule mwanamke akitema maziwa kwenye leso yake. Filemoni akatafsiri kwa sauti ya chini: "Hakumeza! Bandugu, huyu hakumeza!"

Yaliyofuata siyakumbuki kwa utaratibu. Mzee alikufa, polisi walikuja, kulikuwa na bastola na watu wakikimbia juu ya mapaa. Padri alishika kofia yake tayari, lakini hapakuwa na busu hata moja, na nikamsikia akipumua kwa shukrani. Direkta aliruka mara mbili bastola ilipolia. Mimi nilikuwa namtazama Mama Verediana. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, uso hausemi kitu. Mablanketi yalipoondolewa na mwanga ukaingia, alikuwa bado anatazama kitambaa kilichokuwa kitupu.

Direkta alisema kwanza. Filimu ina bunduki nyingi, lakini mwovu anakamatwa, na hilo ni somo zuri. Padri akasema haina uchafu. Nikasema hapana. Hata nilisimama, ingawa hatukuwa mkutanoni. Nikasema watoto wetu hawajawahi kuona bastola wala paa la vigae, hivyo hawataviogopa zaidi ya wanavyoogopa zimwi. Lakini kuonja wamekuona tangu wanyonyeshwe. Hii filimu inawafundisha kwamba anayeonja anaweza kudanganya. "Na kesho yake," nikasema, "ni nani atasimama mbele yao na kifuniko?"

Direkta akashusha miwani. "Mademoiselle, kule Walikale waliiona wote, wakubwa kwa wadogo. Sivyo, Filemoni?"

"Njo vile," akajibu Filemoni, akizungusha utepe wake. "Kule Omate, ku kambi ya madini, batoto balisheka. Balisheka kabisa! Ile ya mapaa njo ilibaogopesha."

"Kule Omate maziwa inatoka wapi?" Mama Verediana akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Filemoni akafikiri. "Mu boîte, Mama, mu kopo ya duka. Kule pori tu, ng'ombe haiko."

Kisha Mama Verediana akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akatabasamu, akasema waache watoto waone. "Batoto bananijua. Mi si ule mwanamuke wa leso." Alisema hivyo akinitazama, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimemwaibisha kwa kumtetea mbele ya wanaume, kana kwamba anahitaji mwanasheria. Lakini sikurudi nyuma. Nilisema sitawapeleka wadogo wangu, na kama wakipelekwa nitakaa mlangoni. Padri, ambaye alitaka kila mtu aende nyumbani akiwa na furaha, akakata katikati: wakubwa wataona, darasa la kwanza na la pili hawataona. Nilitoka nikiwa nimeshinda. Bonifasi alipopewa habari alijitupa chini uwanjani, akalia mpaka akatapika, na hakunisalimia kwa siku kadhaa.

Jumamosi wakubwa waliona. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, kila mkubwa alikuwa amezungukwa na wadogo wake, naye anawasimulia. Hapo ndipo nilipofahamu tulichokisahau sote wanne, pamoja na tai na kofia na cheti. Kwetu jambo halionwi na mtu mmoja. Anayeona huja kuwaonyesha wasioona, na huwaonyesha kwa mikono, macho na sauti, na mwisho wake yule asiyeona ndiye mwenye hadithi kubwa zaidi. Nikiwa dirishani nilimsikia dada mkubwa wa Furaha akisema muuguzi alikuwa na meno marefu na leso yenye damu, na aliua watoto saba. Hakukuwa na mtoto hata mmoja kwenye filimu ile. Wakubwa walikuwa wameona mwanamke wa mbali, mzungu, amefungwa pingu mwishoni. Wadogo wangu hawakuona pingu. Walisikia maziwa.

Mama Verediana alikuja na bido lake. Akamimina kwenye kifuniko, akainua, akanywa. Darasa halikuitikia. Macho yote arobaini yalikuwa kwenye shingo yake, yanatazama kama koo litapanda na kushuka. Alimeza. Nililiona koo likipanda na kushuka, nao waliliona. Akagawa, kopo kwa kopo, akimwita kila mtoto kwa jina la baba yake kama kawaida, na kila mtoto alipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaweka kopo juu ya dawati. Hakuna aliyekunywa. Bonifasi alikuwa akitazama mikono yake kutafuta leso. Niliwaamuru wanywe, wakainua makopo mpaka midomoni na kuyarudisha yakiwa yamejaa. Mama Verediana akayamwaga yote mwenyewe ndani ya bido, taratibu, bila kumwaga tone, akatoka. Hakuniangalia.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho kutwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja; kufikia katikati ya wiki, kisimani, akina mama wa mashamba walikuwa wanaulizana kwa nini watoto wamekataa maziwa ya yule mama, na hakuna aliyetaja filimu tena. Mmoja alikumbuka mtoto aliyeugua tumbo. Mwingine alikumbuka mahindi yaliyokanyagwa. Nilisimama na ndoo yangu nikaeleza kwa sauti, wakaniitikia ndiyo, mwalimu, ndiyo, na nilipogeuka wakaendelea. Padri akaniambia kwa huzuni kwamba kama hali haitabadilika kufikia Jumamosi, itambidi aache kuchukua maziwa yale, kwa amani ya kijiji. Nilijua maana yake. Mama Verediana angerudi Karuba akiwa na jina ambalo mlima mzima ungelibeba, mama wa watu wa ng'ombe aliyekataliwa na watoto, na hakuna padri ambaye angeweza kulifuta.

Jioni ile Papa Gaspari alikuja. Nilikuwa upande wangu wa matete nikisahihisha, na sikuhitaji kutega sikio.

"Rudi nyumbani," alisema. "Hawa bantu ya majembe hawatupendaka. Iko sababu kila siku."

"Ni batoto, Gaspari."

"Batoto banasema vile baba yao banasema."

"Apana. Hawa banasema vile sinema inasema." Nilimsikia akichochea moto. "Mi naonja, banatazama shingo yangu. Nikionja mara mbili, batatazama mara mbili. Nikikunywa bido muzima, batasema iko na dawa yake mu tumbo."

"Sasa utafanya nini?"

Nilisikia vyombo vya mti vikigongana ubaoni. Kisha akaniita tule, na tulikula watatu, na aliponisukumia kopo langu, bila kuonja, alinitazama kwa muda mrefu hata nikauliza kama kuna kitu usoni pangu.

Ijumaa hakuja na kifuniko. Nililiona hilo mara moja, bido lilikuwa limefunikwa kwa jani la mgomba. Aliingia, na badala ya kusimama mbele pale pa kila siku, akaenda kukaa katikati yao, sakafuni, mtu mzima yule na magoti yake mabovu, kati ya dawati la Furaha na la Bonifasi. Akaomba makopo. Akaanza kumimina. Aliweka kopo la kwanza mbele ya Furaha bila kuligusa kwa midomo.

Furaha akalitazama, akamtazama. Alikuwa mtoto wa mashamba aliyelelewa vizuri, na alijua kwamba hapo pana kosa. "Mama," akasema kwa woga, "haujaonja."

"Sionje tena," akasema Mama Verediana. "Mugeni njo tunamuonjeaka. Mi nilikuwa nabahesabu kama bageni, mwaka muzima. Leo nimechoka na bageni. Kuanzia leo muko batoto ya mu nyumba yangu. Mutoto wa nyumba, mama yake anamuonjea?"

Walifikiri. Kweli walifikiri, niliona nyuso zao zikienda mpaka majikoni kwa mama zao na kurudi. "Apana," akasema Bonifasi kwa sauti ndogo.

"Basi." Akaendelea kumimina, kopo baada ya kopo, akiyasukuma mbele yao tu. Alipomaliza akakaa, mikono mapajani, kama alivyokaa siku ile gizani. Hakuwasihi. Mimi nilikuwa nimeshika ubao nyuma yangu kwa mikono miwili na vidole vimejaa chaki. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa kuwa alikuwa ameondoa kithibitisho pekee alichokuwa nacho, na sasa hakuwa na kitu isipokuwa wao.

Furaha alikunywa. Hakunywa funda, alikunywa lote, haraka, akapaliwa kama nilivyopaliwa mimi, na alipoinua uso alikuwa na masharubu meupe na furaha ya mtu aliyepewa kiti mezani. Bonifasi hakukubali kushindwa na msichana. Baada yake sikuweza tena kuona vizuri nani alifuata, macho yangu yalikuwa yamejaa machozi, nikageuka kuandika ubaoni tarehe iliyokuwa imekwisha andikwa.

Mama Verediana hakuondoka Masisi mpaka uzee ulipomrudisha Karuba mwenyewe. Baraza la filimu lilikutana tena mara mbili au tatu, na swali langu lilikuwa limebadilika. Sikuuliza tena filimu ina nini ndani yake. Niliuliza mtoto huyu, asubuhi ya kesho, atapokea kitu gani kutoka mkononi mwa nani. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo na sijapata swali bora. Na tumeona mengi kwenye milima hii, mabaya kuliko ya filimu yoyote, yaliyofanya majirani wachunguzane shingo. Ndiyo maana pale kilioni Furaha alionja kila kopo kwa uangalifu mkubwa hivyo, kwa wageni kutoka Sake, kwa wageni kutoka Walikale, kwa wakwe, kwa mkatekista, na hakuna aliyeona ajabu.

"Ungetuacha tuone," Bonifasi alikuwa bado ananong'ona. "Wakubwa walituambia iko watoto saba walikufa."

"Hakufa hata mmoja," nikamwambia.

Alifungua mdomo, mzee mzima yule, akiwa amedanganywa maisha yake yote. Hapo Furaha akatufikia. Akapiga magoti kwa sababu ya umri wangu, akamimina makopo mawili mpaka juu, akanipa mimi moja na Bonifasi moja, na hakuonja. Mama mmoja aliyekaa mkabala nasi, mgeni, aliona. Nilimwona akishtuka na kumgusa mwenzake.

"Dada," akamwambia Furaha, "hao haujabaonjea."

"Hawa?" Furaha akasema, akiinuka na bido lake. "Hawa ni ba mu nyumba."